Kata ya Reli Isiyo na Stesheni

Shemeji yangu ni mtu wa Kigoma, na mtu wa Kigoma hahitaji kufundishwa treni ni nini. Alipokuja kututembelea hapa Mtwara kwa mara ya kwanza, alifika na basi la usiku kutoka Dar es Salaam akiwa amevimba miguu, akalala mpaka adhuhuri, na alasiri akataka kutoka anyooshe viungo. Tukapanda bajaji. Njiani dereva akamuuliza abiria mwenzetu, mama aliyepakata beseni la ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, kama anashukia Reli au anaendelea hadi sokoni. Shemeji akageuka kwa furaha ya mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini.

"Kumbe mna stesheni, shemeji! Mbona hukuniambia nikaja na treni?"

Yule mama alicheka mpaka akashika kitambaa alichofunikia beseni kisipeperuke. Dereva akajibu bila kugeuza kichwa: "Reli ni kata, mzee. Treni hatuna."

Shemeji hakuridhika. Alitaka tushuke hapohapo, na tuliposhuka akatembea huku akitazama chini kama mtu aliyeangusha sarafu, akitafuta tuta, taruma, kokoto, chochote ambacho mtu aliyekulia kando ya njia ya treni anajua kukitambua. Nilimwacha atafute. Reli ni kata halali ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ina diwani wake na wapiga kura wake, na wenyeji tumezoea kulitamka jina hilo bila kulisikia, jinsi mtu asivyosikia tena maana ya jina la babu yake. Ilihitaji mgeni kutukumbusha kwamba tunaishi kwenye anwani ya kitu kisichokuwepo.

Tangu siku hiyo nimekuwa na jambo moja la kusema, nalo linahusu stesheni kuliko linavyohusu reli. Reli ya kwanza ya kusini ilichorwa kwa ajili ya zao la karanga, na zao lilipokufa ikafa nalo. Reli mpya tunayoahidiwa, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, inatajwa kila mara kwa lugha ya makaa ya mawe na chuma. Kabla wino wa ramani haujakauka, nataka tuulize ni wapi mama wa ming'oko atapanda na wapi atashuka.

Habari ya karanga imesimuliwa sana, mara nyingi kama kichekesho, ila kwetu sisi ni habari ya kuzaliwa kwa mji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, alitoa wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mitambo, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukaja kukagua ardhi, ukarudi na mpango wa mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Kati ya hayo, 80 yalipangiwa Tanganyika, na kati ya hayo 80, mashamba 55 yaliwekwa Jimbo la Kusini. Kongwa ndiyo iliyobeba jina na lawama, lakini kwa hesabu za kwenye karatasi ni huku kusini ambako kulikusudiwa kuwa shamba lenyewe.

Mavuno ya shamba la ukubwa huo hayabebwi kwa malori kwenye njia za udongo. Lindi ulikuwa mji wa zamani wenye bandari yake, ila maji yake hayakuwa na kina cha kupokea meli kubwa, ilhali ghuba ya Mtwara ilikuwa nacho tele. Ikaamuliwa ijengwe bandari mpya, mji mpya nyuma yake, na reli ya geji ya mita moja kuingia bara hadi Nachingwea. Kazi haikuisubiri bandari. Njia ya kwanza ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, jirani na Mingoyo, ikafika Nachingwea mwaka 1949 ili mitambo ianze kupita. Kipande cha kuiunganisha Mtwara kilikuja baadaye, kikakutana na kile cha Mkwaya mahali paitwapo Ruo.

Sasa tazama tarehe. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuzika mradi, baada ya pauni zipatazo milioni 36 kuteketea. Bandari ya Mtwara na reli yake vilifunguliwa mwaka 1954, yaani miaka mitatu baada ya mteja wao kufa. Ni kama fundi aliyemaliza kupaka rangi nyumba ya bwana harusi siku ya arobaini yake. Treni ilitembea miaka michache ikibeba kilichopatikana, tawi likajengwa kuelekea Masasi, lakini mzigo haukutosha kulisha njia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa.

Havikuondoka vyote. Katika shule ya msingi niliyosoma, kengele ilikuwa kipande cha reli chenye urefu wa mkono, kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye tawi la mkorosho, na mwanafunzi wa zamu alikigonga kwa boliti nene iliyohifadhiwa ofisini kwa mwalimu mkuu kwa sababu iliwahi kuibiwa. Tulikiita chuma, basi. "Chuma kimelia," tulisema, tukakimbia mstarini. Nilikuwa darasa la sita pale mwalimu wa jiografia alipotuambia kwamba magurudumu yaliwahi kupita juu ya kitu kile, na sote tulidhani anatutania.

Anayetaka kuona usanifu wa reli ile leo asihangaike kutafuta jengo. Autazame mji. Mtwara ulichorwa kwa matarajio ya wakazi wapatao 200,000, ukapewa barabara pana zinazokwenda mbali na mitaa iliyoachiana nafasi, na Shangani ya ufukweni, ambako wazungu walikaa na bahari yao, ikawekwa mbali na soko. Nafasi zilizoachwa katikati zilikuwa zinangoja watu, na watu wakawa hawaji. Sensa ya mwaka 2012, takriban miaka 60 baada ya mchoro, ilihesabu wakazi 108,299 katika manispaa nzima pamoja na Mikindani. Ndiyo maana mgeni akifika hapa hulalamika kwamba haoni mji uko wapi, kwa kuwa kila mahali anapopita panaonekana kama pembezoni. Mji wetu wote umejengwa kama kitongoji cha mji mwingine ambao haukutokea. Sisi tunaoishi humu tunalipa nauli ya mchoro huo kila siku, kwa bajaji kutoka mtaa hadi mtaa, tukivuka nafasi zilizopimwa kwa ajili ya watu wa kwenye karatasi.

Shemeji alipokata tamaa tuliketi kwenye genge la chai, naye akaanza kuisifu stesheni ya kwao, na kwa kweli alikuwa na haki. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwezi Februari 1914, kilomita zipatazo 1,250, na jengo ambalo Wajerumani waliliweka mwisho wa njia lingali limesimama karibu na ziwa, lina kuta nene na matao. Shemeji hakulieleza hivyo. Alieleza kwamba bibi yake aliuza dagaa chini ya matao yale, kwamba saa za jua kali kivuli chake kinatosha watu na mizigo yao, na kwamba treni ikichelewa saa sita, kama ilivyozoea, mtu aliweza kulala pale sakafuni akaamka bila homa. Jengo lilikusudiwa kutukuza dola la Ujerumani, ambalo mwaka huohuo liliingia vitani na baada ya vita likalipoteza koloni. Kilichobaki ni kivuli, na kivuli hicho bibi wa shemeji alikitumia maisha yake yote.

Nimeziona na stesheni nyingine. Ile ya TAZARA pale Dar es Salaam, mwanzo wa njia ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, ina ukumbi unaomfanya mtu ajione mdogo, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa, kwa kuwa ilikuwa stesheni ya mataifa mawili yaliyotaka kuuonyesha ulimwengu kwamba Zambia inaweza kuifikia bahari bila kupitia kwa makaburu. Stesheni mpya ya reli ya kisasa, iliyopewa umbo la jiwe la tanzanaiti, ni jengo la kupigia picha, na watu wanapiga kweli. Sina ugomvi na majengo hayo. Nchi inahitaji mahali pa kujivunia. Ila sijawahi kuona stesheni kubwa ikibadilisha maisha ya mtaa kama kituo kidogo cha pembezoni mwa mji kinavyoweza.

Nilijifunza hilo kwa shangazi yangu, anayeishi Dar es Salaam upande wa Pugu. Treni ya abiria wa mjini ilianza tarehe 29 Oktoba 2012, kati ya Stesheni na Ubungo, na watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Baadaye ikapelekwa na njia ya Pugu, kwenye reli ileile ya Wajerumani. Nilikaa kwa shangazi wiki tatu nikifuatilia matibabu ya mtoto, na kila alfajiri nilipanda kwenye kituo kimoja cha njia hiyo ambacho kwa usanifu hakikuwa na lolote la kusifiwa. Kilikuwa na banda la bati lisilotosha hata watu 30, hakikuwa na benchi, na sakafu ya behewa ilikuwa juu kiasi cha kifua cha mtu aliyesimama chini. Nilimwona mama mwenye ndoo ya maandazi akiiinua ndoo kwanza, ikapokewa na kijana asiyemjua, kisha akanyoosha mikono miwili, nao vijana wawili wakamvuta ndani kama wanavyovuta mtumbwi ufukweni. Maandazi hayakumwagika hata moja. Alipokwisha kusimama akajipangusa magoti, akawauzia waliomvuta.

Na kituo hicho kibovu kilikuwa kimejenga mtaa. Pembeni yake walikuwepo fundi viatu, mama ntilie wanne, wakala wa fedha za simu, kinyozi, na kijana aliyetunza pikipiki za wanaoenda kazini kwa malipo ya siku. Shangazi alinieleza kwamba mwenye nyumba wake alipandisha kodi akitaja sababu moja tu, kwamba treni iko karibu. Alilalamika, ila hakuhama.

Nikirudi huku kwetu, wakazi wa Mtwara tunajua vizuri maana ya utajiri unaopita bila kusimama. Bomba la gesi lililozinduliwa Oktoba 2015 linatoka Madimba, kijiji cha mkoa huuhuu, kwenda Dar es Salaam, na mwaka 2013 mji huu ulipata machungu makubwa kwa sababu ya swali la nani atanufaika nalo. Sitaki kulifukua hilo hapa. Nasema tu kwamba bomba halina stesheni, na hakuna mtu anayeweza kusubiri kando ya bomba akapanda. Reli inaweza kuwa tofauti, lakini si lazima iwe tofauti. Treni ya mzigo inayopita kasi mbele ya kijiji haina tofauti kubwa na bomba, isipokuwa kelele.

Mpango wa sasa, kwa jinsi unavyozungumzwa miaka yote hii, ni njia ya kilomita zipatazo 1,000 kutoka bandari yetu hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Bandari imekwisha ongezewa gati jipya la mita 300. Makaa kutoka Ruvuma tayari yanakuja kwa malori, na anayeishi kando ya barabara ya Mikindani anayajua kwa vumbi jeusi analolifuta kwenye kingo za madirisha. Naiunga mkono reli hiyo kwa moyo wote, kwanza kwa ajili ya barabara na mapafu ya watu. Lakini katika maneno yote niliyosoma na kusikia kuhusu mradi huo, abiria anatajwa mwishoni, baada ya tani.

Ombi langu ni dogo, na ningelianzishia Mikindani. Mji huo uko kilomita kama 10 tu kutoka katikati ya Mtwara na ni mkongwe kuliko Mtwara kwa karne nyingi. Ulikuwa bandari ya majahazi, David Livingstone aliondokea hapo mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho ya bara, na Wajerumani wakajenga boma lao hapo mwaka 1895. Watu wake wengi wanafanya kazi, wanasoma au wanauza samaki Mtwara, na jioni wanarudi. Kama kuna mahali kusini panapofaa kuitwa kitongoji cha reli, ni pale.

Tena Mikindani kuna mafundi wa kutufundisha jinsi ya kuijenga, ingawa wengi wamekwisha kufa na mafunzo yao yamebaki ukutani. Nyumba zake za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazochelewa kupata joto, milango ya nakshi, na mbele ya mlango baraza ya kukalia iliyoshikana na ukuta. Mswahili amekuwa na chumba cha kungojea mamia ya miaka kabla ya reli. Baraza inakaa mwenye nyumba, mgeni, muuza kahawa na mpita njia, wala haiulizi tiketi. Stesheni ya Mikindani ingekuwa na baraza ndefu ya mawe kando ya ukuta mzima, na paa lililochomoza vya kutosha ili mvua inayosukumwa na upepo isimfikie aliyeketi. Viti vya chuma vyenye matundu, ambavyo saa nane mchana havikaliki, tuwaachie viwanja vya ndege. Jukwaa la kupandia liwe sawa na sakafu ya behewa, maana sijasahau ile ndoo ya maandazi. Kuwe na choo chenye maji na bomba la kunywa. Ziwepo nafasi za wauzaji zilizochorwa tangu mwanzo kwenye ramani, kwa kuwa watakuja tu, na wakikuta hawakupangiwa watafukuzwa na mgambo kila Jumatatu. Kuta zenye upana ziangalie kaskazini na kusini pale njia inaporuhusu, jua la asubuhi na jioni lipige ncha za jengo. Najua reli haichagui upande wa jua, inafuata mwinuko wa ardhi, ila mchoraji akiambiwa mapema anaweza kuhangaika.

Rafiki yangu mmoja mhandisi alinisikiliza yote haya akanijibu kwamba treni inayosimama ni treni inayopoteza fedha, kwamba garimoshi refu la makaa halisimamishwi kama daladala, na kwamba abiria na mzigo kwenye njia moja ni ugomvi wa kila siku wa ratiba. Ana hoja, na mimi si mhandisi. Hata hivyo njia moja inayotumika kwa treni za pande mbili haikwepi kuwa na vipande vya kupishania kila baada ya umbali fulani, na pale treni inapongoja mwenzake ipite ndipo panapoweza kujengwa kituo bila kuiba dakika nyingi. Isitoshe, njia ya Dar es Salaam hadi Morogoro, ambayo imeundwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa na iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, imewekewa stesheni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere kabla ya kufika Morogoro. Kama Soga imepata, sioni kwa nini Mikindani ionekane ni anasa. Rafiki yangu alicheka, akasema nitafute kwanza nani atalipia choo.

Kuhusu kata ya Reli, ningependa pia pawekwe alama, jiwe tu lenye ramani ya njia ya zamani, Mtwara, Ruo, Mkwaya, Nachingwea na tawi la Masasi, pamoja na miaka yake. Mtoto anayekulia hapo asilazimike kungoja mgeni wa Kigoma ili ajue anakaa wapi.

Siku moja kabla ya kuondoka, shemeji aliomba nimwonyeshe reli, walau ile ya shuleni. Tulikwenda saa ya mapumziko. Mkorosho umezeeka na tawi limefungwa waya kuimarishwa, lakini chuma bado kinaning'inia palepale, pamechimbika kidogo pale boliti inapogonga. Aliniambia kwamba reli huandikwa ubavuni, kiwanda na mwaka, na akaanza kufuta kutu kwa kidole gumba akifuata herufi kama anayesoma kwa kupapasa. Alipata tarakimu mbili, 1 na 9. Zilizofuata zilikuwa zimeliwa na tundu lililotobolewa kupitishia mnyororo.

Mwanafunzi wa zamu alikuja na boliti yake, msichana wa darasa la tano hivi, akatuamkia, akasimama kando akingoja. Shemeji alikuwa bado ameinama akitazama tundu lile.

"Samahani, babu," msichana akasema, "naomba unipishe, saa imefika."